Picha Mbili za Ubongo Wangu

Kaka Eliamani, shikamoo.

Huku theluji imefunika kila kitu, lakini mimi natamani kupiga vigelegele!

Madaktari wamepiga picha ubongo wangu mara mbili. Mara ya kwanza nilijigeuzageuza ndani ya mashine mpaka wakarudia. Kabla ya mara ya pili nikameza kidonge cha kuamsha ubongo na, ajabu, nikatulia kama gogo. Daktari akanionyesha sehemu inayoshika mawazo: kwanza ilikuwa hafifu, baada ya kidonge ikawaka. Akasema, "Wewe hukuwa mvivu. Ni maradhi ya kukosa utulivu wa mawazo, na dawa inakusaidia."

Nikakumbuka Vudee, mwaka ule wa foleni za sukari. Nilitumwa jioni kuziba ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, ili maji yajae usiku, nikafuata nyuki. Asubuhi ndiva ilikuwa tupu, mahindi ya watu yakakosa maji, nawe ukaniita zezeta mbele ya wazee. Picha nakuletea, uzitundike sebuleni!

Mkumbatie Mama, mle makande na fungu langu pia. Unazijua barua zangu, zote huishia katikati. Hii nimeianza leo, na leo nimeimaliza.

Mdogo wako,
Elinaja