Nyoka wa Gunia la Makala

Alhamisi jioni. Joto limebana, mawingu yanazunguka juu ya Lubumbashi na mvua hainyeshi. Nina hasira tangu Jumamosi, sijui niitue wapi.

Jumamosi mdogo wangu Mwadi aliingiza mkono katika gunia la makala, makaa ya kupikia, lililotoka Mitwaba, nyoka akamuuma. Mkono wa kuume. Ndio anaoshonea nguo, ndio unaolisha watoto wake.

Ilikuwa saa ya salongo, kwa hiyo majirani wote walikuwa nje na mapanga, wanafyeka kwa amri ya serikali. Wakamuua nyoka haraka, kisha wakaanza kubishana.

Alikuwa mweusi tii, mnene, mfupi. Hakuna aliyewahi kuona wa namna ile. Mwalimu wa nyumba ya pili akadai ni yule wa Amerika mwenye njuga mkiani, alimwona kwenye picha ya darasani. Huku kwetu! Mzee Kalenga, mkubwa wa avenyu yetu, akakata shauri:

"Iko noir, mweusi yote, ni nyoka ya mamba. Mamba haina dawa. Ku hôpital mutapoteza muda bure."

Mama mkwe wangu naye: "Hii haiko nyoka, bachawi balimutumia. Mulete pétrole tuiunguze."

Mwadi amekaa chini analia, mkono unavimba, na watu wazima wanashindana kuhusu rangi.

Rangi!

Nilichukua ndoo, nikammwagia yule nyoka maji. Weusi ukatiririka wote. Lilikuwa vumbi la makala tu. Chini yake ikatokea mistari ya manjano iliyopinda, mgongo mzima. Mpili! Yule kifutu mvivu wa kila njia ya shamba, anayejivimbisha na kupuliza. Hakuna aliyeomba radhi. Kalenga alisema hata yeye alishuku tangu mwanzo. Wajuaji hawakosekani mtaani kwetu.

Nilimfunga nyoka katika kitambaa, tukakimbia na Mwadi hospitali. Muuguzi alimtazama mara moja tu.

"Ni mpili. Sérum ya sumu yake iko. Lakini mulikuwa wapi wakati wote huu, mama citoyenne?"

Ningemwambia tulikuwa kwenye mkutano?

Mwadi atapona. Kidole gumba ndicho kimekufa, daktari atakikata. Ameniambia mimi, Mwadi bado hajui. Leo ameniomba nimletee gauni la bibi harusi aliloliacha nusu, amalizie upindo palepale kitandani. Nimemjibu ndiyo, nitalileta kesho.

Gauni lipo hapa kitini, limekunjwa. Nilibebe?