Mgeni Aliyemuulizia Bilkisi

Kapata, Kolwezi
14 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Bilkisi,

Pokea salamu za nyumba nzima. U mzima? Mabega yako yanaendeleaje, na baridi ya Ufaransa bado inakuuma vidole? Sisi tunamshukuru Mungu. Kifua kinanisumbua kwa vumbi la barabara ya Dilolo, lakini lori linatembea na mimi natembea nalo.

Barua hii nimemkabidhi Josée, binti wa mzee Mpoyi, anayesafiri kuja huko. Simu siziamini. Ukikuta bahasha imefunguliwa, nijulishe, nitajua wa kumuuliza.

Neno lenyewe ni hili. Mwezi uliopita alikuja nyumbani bwana mmoja, Baudouin, kutoka Lubumbashi. Viatu vyake havikuwa hata na vumbi. Mtu anafikaje Kapata na viatu safi? Alikuwa anakuulizia wewe. Unapika? Unafua? Ukikaa kwenye kigoda, unaweza kuinama ukanyanyua ndoo, kisha ukainuka bila kujishikilia?

Unajua kwetu maswali hayo huulizwa na nani. Mama yako akaona posa imefika. Akatandika mkeka mpya, akachinja kuku, kisha akatia chumvi mpaka nikaona haya. "Mutoto wangu anafanya byote," akamwambia. "Anapondaka majani ya sombe, anafulaka nguo, anainamaka anabeba ndoo ya maji, na anainuka yee peke!"

Nilimvuta pembeni nikamuuliza, posa gani ya binti wa Kiislamu inaletwa na Baudouin? Akanijibu: "Uyu bamutuma tu. Bwana mwenyewe iko kule Bulaya. We Hamadi, kwako kila mutu ni mwizi."

Basi nikaweka macho kwa mgeni. Mama yako akamletea picha yako ya Idi, ile ya hina na dhahabu. Hakuitazama. Akachagua ile uliyoinama juu ya beseni la nguo, mikono yote miwili ndani ya povu, akaipiga picha kwa simu yake. Mwanaume gani anamwacha msichana aliyepambwa, anachukua beseni?

Ndipo nikakumbuka ulivyotueleza: kila mchezaji wenu wa mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu hupewa pointi kwa kadiri mwili wake unavyoweza, na pointi za watano walio uwanjani hazipiti kumi na nne. Wewe una pointi moja, kwa sababu kiuno chako hakikurudishi ukiinama. Wakikupandisha pointi, hesabu ya timu inavunjika na nafasi yako anapewa mwingine. Sina ushahidi, lakini huyo ametumwa na watu mnaoshindana nao. Nilimuuliza jina la bwana harusi. Akatazama saa, akaita pikipiki ya taxi-moto imrudishe mjini Manika.

Na kama kweli kuna mchumba, mbona mjomba wako sijui? Sema.

Picha ile inadanganya. Mama yako alikuwa amekufunga kitenge kiunoni akakikaza kwenye nguzo nyuma yako, usianguke, na kitenge hicho hakionekani. Mimi nilikuwepo, na nitalisema hilo mbele ya yeyote. Mwambie kocha wako leo, kabla wengine hawajamfikia. Umesukuma kiti tangu kile kibovu tulichopewa kanisani, chenye gurudumu lililopinda, mpaka ukafika huko. Usikubali wakutoe uwanjani kwa maneno ya mkekani.

Mama yako sijamwambia, na jambo hili linaniuma. Tangu siku ile anaimba akipika. Dada zako wote waliulizwa, wakaolewa. Kwako hakuna aliyewahi kubisha hodi. Kwa hilo namchukia Baudouin kuliko kwa mambo ya mpira. Nimwambie ukweli? Niamulie wewe, mimi nimeshindwa.

Mdogo wako Masudi anakusalimu, na bibi Nafisa anakuombea kila swala. Mama yako mwenyewe amesimama hapa mlangoni, anadhani naandika habari za harusi. Anasema nikuandikie kwamba hata kama huyo mwanaume naye anakaa kwenye kiti kama wewe, yeye amekwisha kukubali.

Mungu akukinge na watu wa namna ile, huko na huku.

Wako akupendaye, asiyemwamini mgeni yeyote,
Mjomba Hamadi