Kitanda cha Matete Juu ya Kinamasi

Kinamasini, juu ya Mau Narok

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Na mahindi ya Subukia, mvua imeyaacha salama? Mimi ni mzima, tena nina furaha hadi mkono unaandika haraka kuliko akili. Simu huku haishiki mtandao, kwa hivyo barua hii nampa dereva wa lori la viazi aiache kwa dada hapo Nakuru.

Unajua mimi na mwenzangu Chepkoech tunalinda viota vya korongo taji, mbwa na watu wasije wakachukua mayai. Lazima tulale papo hapo. Tulijengewa ulingo wa miti juu ya maji, tukatandika magodoro, tukajua mambo ni sawa. Baba, kumbe baridi inatoka chini! Upepo ulipita katikati ya miti ukatuingia mgongoni. Tukaongeza mablanketi juu, wapi! Asubuhi Chepkoech alishindwa hata kufunga vifungo vya koti.

Msimamizi wetu alipoviona vidole vya Chepkoech vimekufa ganzi alisema, "Wasichana, sitaki mtu anifie huku. Jumamosi mnarudi nyumbani."

"Na mayai?" nikamuuliza.

Akageuka akaenda zake.

Basi tukaanza kujitengenezea kitanda cha joto kabla Jumamosi haijafika. Tulikata matete yaliyokauka, tukayapanga juu ya ulingo mafungu mazito, safu moja ikikatiza nyingine, halafu nyasi juu yake. Mara ya kwanza tulikosea. Nyasi zilionekana kavu kumbe zina unyevu ndani, tukaamka tumelowa.

"Njeri, twende tu nyumbani," Chepkoech akasema, machozi yakimlengalenga.

Nikamwomba tujaribu tena. Tulizitoa zote, tukazianika kwenye mawe jua lilipowaka, tukizigeuza kama wewe unavyogeuza nyasi za ng'ombe. Tukarudisha nyingi zaidi, hadi kitanda kikafika magotini, kisha tukafuma ukuta wa mafunjo upande wa upepo.

Jumamosi msimamizi alitukuta tumelala fofofo na jua limeshapanda!

"Nyinyi! Bado mmelala?"

Chepkoech akatoa kichwa, jasho kwenye paji la uso. Mara akashtuka. "Boss, usipige kelele. Angalia pale."

Kwenye kiota cha karibu kulikuwa na kifaranga, manyoya bado yamelowa, na mama yake amemwinamia na lile taji lake la dhahabu. Baba, nilijiziba mdomo nisipige nduru! Msimamizi alikaa juu ya nyasi zetu, akazibonyeza kwa mkono, akavua gambuti.

"Kaeni," akasema. "Na mje ng'ambo ile ya kinamasi muwaonyeshe wenzenu wanaolinda viota vya kule. Wanatetemeka kwa baridi."

Kwa hivyo mwezi huu siji, lakini usihuzunike. Nisalimie mama, nyanya, na mjomba anayeuza maziwa; mwambie shangazi sweta yake naivaa kila siku. Na mkiomba jioni, mtukumbuke: kwenye kiota kile bado kuna yai moja halijapasuka.

Binti yako anayelala joto,
Njeri