Siku Niliyokukatalia Kushuka

Mjomba wangu,

Shikamoo. Marahaba yako siwezi kuisikia tena, lakini kwetu mpwa hafungui mdomo mbele ya mjomba bila kumwamkia, hata akiwa na la kumlaumu. Nami ninalo.

Nilipofaulu kidato cha nne, wa kwanza kwa hesabu darasani, uamuzi ulikuwa wako. Mama ni dada yako mdogo, na kwa mila yetu neno la kaka wa mama ndilo la mwisho. Ukamwendeleza kaka yangu, mimi ukaniacha kijijini Mnyambe kwenye mikorosho. "Msichana akizidi hesabu," ulisema mbele za watu, "ataishia kumhesabia mumewe vipande vya nyama." Wote walicheka. Nami nilicheka, lakini sikuona cha kuchekesha.

Yaliyofuata uliyasikia kwa kusimuliwa tu: chai niliyouza nje ya uwanja wa ndege Mtwara, mizigo niliyopakia, kisha mizigo niliyopima, mpaka siku nilipokaa mwenyewe kiti cha kushoto, cha rubani. Hakuna mkono wa ukoo ulionisukuma. Naliandika hadharani. Si tusi, ni hesabu.

Ila haki yako nakupa: kushuka nilijifunza kwako. Baiskeli yako ilikuwa na magunia ya korosho nyuma, mimi mbele kwenye bomba, tukiteremka kutoka Newala. Breki zilikuwa jina tu. Ulikata tawi ukalifunga nyuma liburuzwe, na ulilifunga kabla mteremko haujaonekana. Wenzako wakakutania: "Baba Zuhura, unalima barabara?"

"Nyie ngojeni mpaka baiskeli ziwakimbize," uliwajibu, "ndipo mtafute tawi."

Kifua kilipokushinda, na hospitali za Dar es Salaam zikakuchosha, ulitaka jambo moja: kufika nyumbani ukiwa hai. Barabara usingeiweza. Ndege ya kampuni yetu ilikuwa na safari ya Masasi, na rubani ni mimi. Ulipoambiwa hivyo uliuliza kama hakuna mwingine.

Hakukuwa na mwingine. Nikakukalisha kando yangu, Mama aliyekuwa akikuuguza akakaa nyuma.

Daktari alitaka nishuke taratibu kwa ajili ya kifua chako, na huko tuendako hakukuwa na mtambo wa ardhini wa kunionyesha njia ya kushukia. Nikaiwekea GPS ya ndege hesabu. Tulikuwa futi elfu nane na mia tano. Nilitaka tufike elfu nne na mia tano, juu ya vilele vya miamba ya Masasi, maili tano kabla ya uwanja. Futi elfu nne, kwa mia tano kila dakika, ni dakika nane. Tulikwenda maili mbili kwa dakika; hizo ni maili kumi na sita, ongeza zile tano, ishirini na moja. Jibu nilikuwa nalo kichwani kabla kioo hakijalionyesha. Kikaanza kuhesabu sekunde kurudi nyuma.

Wewe ulidhani zile namba ni kimo chetu. Zilipofika kumi ukashika mkanda, ukaanza kusoma shahada kwa sauti.

"Mjomba, hizo ni sekunde za kuanza kushuka, siyo za kufika chini!"

"Sasa si ungesema mapema, mtoto wee?"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Ndege ikainamisha pua.

"Na ukikataa kinachosema hicho kidude?"

"Kinashauri tu, mjomba, hakiamuru. Hata mlima ulio mbele hakiujui."

"Basi hakijawahi kuwa mjomba," ulisema, ukacheka mpaka ukakohoa.

Ulikuwa msimu wa kuchoma mashamba, na moshi ulikuwa umefunika kila kitu. Kila maili nililinganisha mstari wa GPS na kipimo cha kimo na hesabu yangu. Vyote vitatu vilikubaliana. Kwenye elfu nne na mia tano nikainyoosha ndege. Chini hakukuonekana kitu. Kama nisingeuona uwanja, tungegeukia Mtwara, halafu ile barabara usiyoiweza.

"Mbona hushuki? Nyumbani ndipo hapo."

"Mpaka nipaone."

"Shuka, nimesema."

Maishani mwangu sikuwahi kukukatalia neno. "Hapana, mjomba," nikasema. Mama akaacha kucheka.

Nilizunguka, macho chini. Kwanza mwamba ukatokea kwenye moshi, chini yetu, si mbele yetu. Kisha uwanja, mwembamba kama mkeka. Hapo ndipo nikakushusha.

Ndugu walikuwa wamejipanga kukupokea. Nilikushika mkono tukatembea, ukasimama katikati ya njia.

"Tangulia."

"Mjomba, mkubwa ndiye hutangulia."

"Tangulia, nimesema. Nataka wamwone kwanza aliyenikatalia."

Samahani ya shule hukuniomba mpaka unazikwa, na sitakuzulia maneno ukiwa kaburini. Bado inaniuma. Lakini siku ile nilitangulia, Mjomba, shingo nimeinyoosha, Masasi na Newala zikinitazama, nawe na fimbo yako ukija nyuma yangu.

Pumzika. Nyumbani ulifika.

Mpwa wako uliyemtanguliza