Mtani wa Chuma

Meli ya Anga Namba Saba,
9 Septemba 1957

Kwa dada yangu mpendwa Pelagia,
Majengo, Mpanda.

Salamu kwanza, maana najua ukiona mwandiko wangu moyo unakuruka kabla hujachana bahasha. Tulia, dada, mimi mzima. Kile kifua kilichonisumbua mwezi wa tano kimepona, na kama nimekonda ni kwa sababu ya chakula cha makopo, si ugonjwa. Nyie hamjambo? Miguu ya mama inaendeleaje? Na Juliana wako, bado anagoma kwenda shule siku za mvua, au ameanza kupata akili? Mwambie mjomba wake anamuulizia.

Huku kazi ni ileile. Tunabeba risasi, yale madini yanayochimbwa hapohapo kwetu, tunaipeleka kwa meli za vita zilizo mbali, waibandike ubavuni ili mionzi ya jua isiwadhuru waliomo ndani. Asubuhi nikishika kipande cha kwanza huwa nafurahi kama niliyeshika udongo wa nyumbani. Kufika saa sita mgongo unauma na mapenzi yote yamekwisha. Ghalani niko na Kasimu, yule aliyekuwa akileta samaki wakavu, migebuka, kutoka Karema. Jikoni yupo Ambrosi, ambaye bado anaamini kwamba ugali hauivi mpaka ugombezwe.

Sasa nikupe habari yenyewe. Mwezi wa tatu tuliletewa roboti ya adui ifanye kazi nasi ghalani. Sina haja ya kukueleza roboti hizo zilifanya nini katika vita hivi, wewe uliyebaki mjane kwa ajili yake. Hii ilitekwa. Mafundi waliifungua kichwa, wakatoa amri za zamani na kuweka za kwetu, ila kumbukumbu wakaiachia, kwa kuwa wangezitoa mashine yote ingeharibika. Ina urefu wa mlango, mikono minne, na jicho moja katikati ya uso. Tukaiita Mateka.

Mwanzoni hatukuitaka hata kidogo. Kasimu alihamisha mkeka wake mpaka karibu na choo. Ambrosi aliinyunyizia maji ya baraka kila siku, hadi Mkuu wa meli alipomkataza akisema ataitia kutu. Yenyewe haikununa. Ilifanya kazi ya watu sita, na kwa kutusikiliza tu ikajifunza Kiswahili chetu, na ndiyo maana hadi leo inafoka kama Ambrosi.

Siku moja Mateka aliniuliza, je, mtu aliyekuwa adui hufanya nini kwetu ili aweze kuishi na watu? Mdomo wangu unaujua. Nikamweleza habari za utani, kwa mzaha tu, ili mchana upite. Nikamwambia kwamba mababu zetu walipigana na majirani zao mpaka pande zote mbili zikachoka, wakaona heri watukanane kuliko kuuana. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na siku ya msiba yeye ndiye anayechimba kaburi, anayemwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa, kwa kuwa mwenye uchungu hawezi kujichekesha. Aliniuliza kama hata aliyeua anaweza kuwa mtani. Nikacheka, nikamjibu kwamba watani wote walianzia hapo.

Basi Mateka akalishika jambo hilo kama mtoto anayejiandaa kwa komunio ya kwanza. Kesho yake alificha kofia ya Kasimu, na alipoulizwa akasema kichwa kile hakistahili kofia, kinastahili kifuniko cha chungu. Ambrosi akaambiwa kwamba ugali wake ungefaa kuzibia matundu ya meli. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mwezi haukuisha, Kasimu akaurudisha mkeka wake mahali pake, na Ambrosi akaanza kumwekea Mateka sahani mezani ingawa hali kitu. Ungetuona ungedhani tumezaliwa naye.

Kosa likaja siku ya ukaguzi. Mkuu wetu ni Mzungu mpole, ila mzaha hana. Yeye ndiye aliyemteka Mateka vitani, naye Mateka, kwa hesabu zake, akaona kwamba aliyempiga kuliko wote lazima ndiye mtani mkubwa kuliko wote. Tumesimama mstari, tumenyooka, Mateka akatoka, akamvua Mkuu kofia, akaivaa mwenyewe, akatangaza kwamba Mkuu anatembea kama bata mwenye jipu na kwamba tangu leo meli ni yake. Mkuu alibadilika rangi mara mbili. Askari wakamfunga Mateka minyororo papo hapo. Mafundi wakasema huenda amri za adui zimerudi kichwani, na Mkuu akaamuru avunjwevunjwe baada ya siku tatu.

Kabla ya kutoa amri hiyo, Mkuu alituuliza kama kuna anayejua lolote. Kasimu na Ambrosi wakanitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Mateka naye aliulizwa nani kamfundisha mambo yale, akakataa kunitaja, akasema mtu hamchongei mtani wake. Baadaye wenzangu walinibana nikaseme. Nikawaambia nitasema. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Wao walidhani naogopa kufukuzwa kazi, na mimi nikawaacha wadhani hivyo.

Dada, hapa kalamu inanikatalia, lakini nisipokuandikia wewe nitamwandikia nani. Sikunyamaza kwa woga. Wiki chache kabla ya ukaguzi, Mateka aliiona picha ya Venansi ndani ya sanduku langu. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni shemeji yangu, mume wa dada yangu Pelagia. Naye, kwa kuwa hajui kuficha, akaniambia kwamba uso ule anaukumbuka. Venansi alikuwa amesimama kwenye mlango wa meli yake, akiwazuia Mateka na wenzake wasiingie, na mkono uliomuua ni wake yeye Mateka.

Nilifunga sanduku nikatoka. Tangu siku ile nilibeba mizigo naye, nikacheka pamoja na wengine, huku moyoni nikingoja siku yake. Mkuu alipotuuliza, nikajua imefika. Sikuwa na haja ya kufanya chochote, ila kufunga mdomo.

Siku ya tatu nilikwenda kumtazama. Nakwambia kweli, nilitaka nimwone akiogopa. Nilimkuta amefungwa ghalani, na wala hakuniomba nimtetee. Aliniuliza kama matanga ya Venansi yalifanyika, na mtani alikuwa nani. Nikamjibu kwamba mwili haukurudi, kwa hiyo kaburi halikuchimbwa wala mtani hakuja. Watu walikaa kimya, wakaondoka kimya, na dada yangu hajacheka mwaka wa pili huu. Akasema kwamba basi kazi hiyo bado ipo, na ni yake. Kisha akaniuliza njia ya kutoka uwanja wa meli hadi Majengo, akitaka kujua wapi unakata kushoto. Jioni ile alikuwa avunjwe, dada, naye ananiuliza njia ya kwako! Nililia pale juu ya mizigo kama mtoto.

Nikaenda kwa Mkuu nikamweleza yote. Alinifokea mpaka masikio yakawaka, kisha akawaita Kasimu na Ambrosi, nao wakasema yaleyale. Mwishowe akaamua kwamba Mateka hatavunjwa, lakini melini mwake hamtaki tena. Atashushwa Mpanda, na apatikane mtu mzima wa kumdhamini kwa sahihi yake ndani ya siku saba. Asipopatikana, atachukuliwa na kuvunjwa kama ilivyoamriwa. Mkuu akauliza ni nani huyo. Nikataja jina lako bila kukuuliza, nalo ni kosa jingine la mdogo wako.

Sikuombi umsamehe. Mimi mwenyewe kuna siku naweza na kuna siku siwezi. Ila nilijua kwamba nikimwacha avunjwe, nitakuwa nimekuamulia jambo ambalo ni lako. Barua hii kaileta yeye. Nimemwagiza asimame uani, asiseme neno mpaka uimalize. Karatasi ya Mkuu imo ndani ya bahasha hii. Moyo ukikataa, mwambie arudi uwanjani. Atakwenda bila kubisha, nami sitakununia hata siku moja.

Ukimwacha aanze, ujue anachokuja kufanya. Atajimwagia majivu, ataomba koti la Venansi, na atatembea kwa ule mwendo wa marehemu wa kuvuta mguu wa kushoto, maana nimemfundisha. Atakuambia shemeji alikuoa kwa sababu taa ilikuwa imezimika. Mama asishtuke, mweleze kwanza.

Kasimu na Ambrosi wanakusalimu sana, na nyumba nzima nawasalimu, mmoja mmoja. Mungu akulinde, dada. Na akikuchekesha, cheka tu. Venansi hatachukia.

Ni mimi mdogo wako,
Makarius