Ile Filamu Isiyo na Jina

Shangazi yangu mpendwa,

Tangu tukuzike Kasulu nimekuwa nikiongea nawe kimoyomoyo. Leo nimeona heri niandike.

Unaikumbuka Idi ile uliyomwalika Baba chakula cha mchana, ukamwalika na Baba Mdogo, bila kumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja? Kaka zako walikuwa hawajasemezana miaka minne kwa sababu ya mpaka wa shamba la kahawa. Walikula pilau yako kama watu wasiojuana. Mimi ndiye niliyekuwa nanawisha watu mikono.

Ukafuta deki ya video kwa pindo la khanga, ukatia kaseti. Filamu ya zamani mno, nyeusi na nyeupe, haina sauti, mwanzo wake umekatika. Hata jina hatukuwahi kulijua. Wanaume wawili wanahamisha kabati. Limekwama mlangoni. Mmoja yuko ndani, mwingine nje, na kila mmoja anasukuma kwa nguvu zake zote akiamini mwenzake anavuta. Wanavua makoti, wanajifuta jasho, wanaanza tena.

Nikaona mabega ya Baba yanatikisika. Akajikaza, akashindwa.

"Yule wa ndani," akasema, macho kwenye televisheni, "si wewe kabisa?"

Baba Mdogo akakohoa.

"Mimi wa nje. Huyo mkaidi wa ndani ni wewe, kaka."

Wakacheka mpaka Baba akajilaza kwenye jamvi. Wewe ulikimbilia jikoni. Nilikufuata, nikakukuta unalia, mwiko mkononi.

Sasa nafundisha Kibondo. Filamu nimeihamishia kwenye simu. Nimewauliza wengi, hakuna anayeifahamu. Nastaajabu, Shangazi. Wale waigizaji huenda walikufa kabla hujazaliwa. Hawakujua kama kuna mahali panaitwa Kasulu, wala hatujawahi kusikia neno hata moja kutoka vinywani mwao. Waliwezaje kufika hadi sebuleni kwako, wakafanya walichoshindwa wazee wa ukoo na shehe wetu?

Jumapili kaka zako walikuja kunitembelea, wakaiulizia. Macho ya Baba yamefifia sana siku hizi, kwa hiyo Baba Mdogo aliishika simu akawa anamsimulia: "Sasa anavua koti... sasa anarudi nyuma kidogo..."

Baba alikuwa ameshaanza kucheka kabla hajaambiwa.

Lala kwa amani, Shangazi. Huku wanaongea kila siku.

Binti wa kaka yako