Picha ya Neno Furaha

Pate Mjini,
Lamu.
Jumapili, 13 Julai 2025.

Mpendwa dada yangu Huwaida, binti wa ami yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba joto la Muskati halijawamaliza. Mama yako hajambo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Sisi wengine tuhai, alhamdulillahi, na zaidi ya hapo sitakudanganya.

Nistahimilie mwandiko. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa plasta, naandika kwa wa kushoto tangu asubuhi. Ningekupigia, lakini simu yangu Badawi kaka yako aliipiga ukutani, na ya kuazima haina siri. Ndiyo maana nampa Uthman, jirani yetu anayerudi huko keshokutwa, akufikishie mkononi.

Najua upande wa Badawi umeshausikia. Sasa sikia wangu.

Mwaka huu alikuja skulini kwetu mwalimu kijana wa Shela, Ridhwani. Aliona ninavyohangaika kuwafundisha darasa la sita msamiati wa Kiswahili, akanionyesha tovuti ya bure ya kadi za picha. Unaweka picha, unaandika neno lake, na mtoto akiigusa kwenye kishikwambi analisikia neno kisha analiandika. Huwaida, watoto waliokuwa wakisinzia walianza kugombania viti vya mbele. Picha nilikuwa nikiziweka mwenyewe nyumbani, nikisha kupika.

Tulipomaliza vitu vya kugusika, kinu na nanga na mbuzi, niliwapa visivyogusika: hofu, wivu, subira. Kila mtoto alete picha ya neno lake. Amal, binti wa Badawi, nilimpa furaha. Akaleta picha yako ya harusi, ile ya ndani, ya wanawake peke yetu, nywele wazi, hina mpaka viwikoni, unacheka mpaka jino la mwisho linaonekana. Aliipiga kutoka kwenye albamu kwa simu ya bibi yake.

Nikaiweka. Nilidhani kadi ni za darasa letu peke yetu. Sikujua kwamba za bure huwa wazi kwa kila mtu, na anayetaka kuzifunga hulipa. Kijana mmoja wa Amu mjini akaiona, akaisambaza. Kwa hilo nakuomba radhi wewe, mwenye sura yako, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Badawi alionyeshwa picha hiyo gatini Mtangawanda, mbele ya waendesha pikipiki wenzake, wakacheka. Akaja mbio mpaka skuli, akaingia darasani na mnyororo wa pikipiki mkononi. Hakutoa hata salamu. Alimkuta Ridhwani, ambaye kila mtu alijua ndiye aliyeleta kadi hizo, akinitengenezea projekta.

"Ndiwe uliyemuanika dada yangu, nti nzima, Pate na Amu, ikamwona?"

Mnyororo ulimfika usoni kabla hajajibu. Nilisikia taya likivunjika, na mlio ule bado ninao masikioni. Ridhwani alianguka juu ya madawati, damu ikaruka mpaka kwenye madaftari. Badawi akampanda kifuani, akampiga shingoni, akampiga sikioni, akainuka akavikanyaga vishikwambi kimoja kimoja. Watoto walikuwa chini ya meza wakilia. Kishikwambi kimoja kilichopona kiliendelea kutamka peke yake: subira, subira, subira. Nilimshika Badawi mkono nikamwambia picha nimeiweka mimi.

"Nyamaa, Mwanaarabu. Mwanamke hayajui mambo haya," akasema, akauvuta mnyororo na vidole vyangu vikiwa ndani yake.

Hakuachishwa na mtu. Alichoka.

Ridhwani yuko hospitali Amu, taya limefungwa kwa waya, na sikio la kulia halisikii tena. Ijumaa ukoo unakaa. Wanataka kijana huyo aombe radhi na ahame, kisha kesi iliyoko polisi ifutwe. Yaani mtu asiyeweza kufungua mdomo ndiye aombe radhi. Nina hasira za kumng'ata mtu, nakwambia kweli. Na Badawi anawaambia wote kwamba ulimlilia kwenye simu, ukataka akulipizie. Kama ulilia, machozi yako ni juu yangu. Lakini damu ya Ridhwani usikubali imwagwe kwa jina lako.

Nitasema mbele yao kwamba ni mimi. Safari hii watanisikia, vidole hivi ni ushahidi. Tatizo ni kwamba wataniuliza picha niliipata wapi, na albamu iko kabatini kwa Badawi. Mama yako ameshaifuta picha kwenye simu yake na hasemi neno, anamjua mwanawe. Amal tangu siku ile hali chakula vizuri, na baba yake akivua mkanda, hata kama ni kwa kwenda kulala tu, mtoto anajikojolea. Nikimtaja, yale ya darasani yatarudiwa juu yake, ndani ya nyumba isiyo na shahidi.

Sikuombi uongo, Huwaida. Nakuomba ruhusa ya picha ile. Nipe leo ukimaliza kusoma, nayo itakuwa ruhusa ya kweli. Kisha tuma sauti yako kwenye kundi la ukoo, wote wasikie, kwamba picha ni yako, kwamba Mwanaarabu umemridhia, na kwamba hukumtuma mtu kumpiga mtu. Mwenye sura akisharidhia, Badawi hana cha kudai, na ya albamu hayatakuwa na mwenye kuyauliza.

Nilimuuliza Amal kwa siri kwa nini alichukua picha ile. "Nimezengea picha nyumba nzima, mwalimu," akaniambia. "Hapana mwengine aliyekuwa akiteka." Ni kweli, hakuna anayecheka mle.

Nisalimie sana shemeji Haidar na watoto. Mama yako, Bi Mwanamkisi, anakuombea kila sala, na mimi namuomba Mungu akuhifadhi ugenini na aupe nguvu ulimi wako.

Mtoto hakujua ulikuwa ukicheka nini siku ile. Mimi niliyekupaka hina, nikalifunika kwa wanja lile kovu la nyusi alilokutia Badawi, najua. Ulikuwa unatoka nyumbani mwake. Amal bado yumo.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaarabu